Ubao wa Mizani wa Wii kwa Mtoto Anayejikwaa Kila Mara: Tathmini Baada ya Miezi 6

Kwa muda wa miezi 6 nimeutumia Wii Balance Board, ubao wa kupimia mizani ya mwili uliotengenezwa na kampuni ya Nintendo ya Japani kwa ajili ya Wii, mashine yake ya michezo ya video inayochezwa kwenye televisheni, pamoja na mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka 8. Tathmini hii nawaandikia hasa wazazi wenye mtoto kama wangu, yaani mtoto mwenye akili timamu na afya njema, asiye na ugonjwa wa mifupa wala wa misuli, ambaye hata hivyo hujikwaa mahali tambarare, humwaga chai karibu kila asubuhi, hushindwa kufunga vifungo vya shati la shule ilhali mdogo wake anafunga vyake mwenyewe, na hukaa ukutani wenzake wanapocheza rede. Kwa miaka kadhaa nyumbani tulimwita mzembe, na shuleni walimwita goigoi. Majina yote mawili yalikuwa ya uonevu, na mimi mama yake nalijutia lile la nyumbani kuliko neno lolote nililowahi kumtamkia.

Hali yake ina jina. Wataalamu huiita kwa kifupi DCD (kwa Kiingereza Developmental Coordination Disorder), na wengine huifahamu kwa jina la dispraksia: ni ugumu wa kuratibu mwendo unaoanza mapema katika ukuaji wa mtoto, na hausababishwi na uvivu, malezi mabaya wala upungufu wa akili. Mwongozo wa Marekani wa DSM-5, ambao madaktari huutumia kutambua matatizo ya akili na ya ukuaji, uliotolewa mwaka 2013, unakadiria kuwa watoto 5 hadi 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 5 hadi 11 wana hali hiyo, na wavulana ni wengi kuliko wasichana. Katika darasa la watoto 60, ambalo kwetu si jambo geni, hao ni watoto 3 hivi. Si wote wanaosumbuliwa na mizani ya mwili, kwani wapo ambao shida yao kubwa ni mwandiko au kudaka mpira. Shida ya mwanangu ni kusimama.

Niliiona kwa macho yangu siku alipopimwa. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo alitumia kipimo cha MABC-2, ambacho hupima kazi za mikono, kulenga na kudaka, pamoja na mizani ya mwili. Alimwomba asimame kwa mguu mmoja juu ya kibao kidogo chenye ukingo mwembamba chini yake, kisha atembee juu ya mstari kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, kisha aruke kwa mguu mmoja kutoka mkeka hadi mkeka. Juu ya kibao hakumaliza sekunde 3. Vidole vya mguu vilijikunja kana kwamba vinataka kuchimba mbao, mabega yakapanda hadi masikioni, mikono ikakakamaa mbele kama ya mtu aliyebeba ndoo mbili, na macho hayakubanduka miguuni. Mtaalamu alinieleza kuwa kusimama wima ni kazi ya vitu vitatu vinavyosaidiana, yaani macho, sikio la ndani, na hisia zinazotoka kwenye nyayo na viungo, na kwamba watoto wengi wenye hali hii huegemea mno macho. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwanangu hushika ukuta wa bafu kila anapopaka sabuni usoni. Akifumba macho, anapoteza nguzo anayoitegemea kuliko zote.

Ubao wenyewe ulitoka Japani Desemba 2007 pamoja na programu ya mazoezi ya Wii Fit, ukafika Ulaya na Amerika Kaskazini mwaka uliofuata. Ni mweupe, mgumu, una urefu wa takriban sentimeta 51 na upana wa sentimeta 31, na unatumia betri 4 za ukubwa wa AA. Katika kila pembe kuna kihisio cha uzito. Mtoto akiegemea kulia, vihisio vya kulia hubeba zaidi, na mashine hufanya hesabu na kuonyesha kwenye televisheni nukta nyekundu inayosogea kwa kadiri uzito wa mwili unavyohama. Hakuna zaidi ya hapo, lakini hilo moja lina thamani kubwa, kwa sababu mtoto asiyepata habari sahihi kutoka kwenye nyayo zake anapewa habari ileile kwa njia ya macho, papo hapo. Usahihi wake si wa kubahatisha. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne waliulinganisha na mizani za maabara zinazogharimu maelfu ya dola, wakakuta kuwa katika kupima jinsi mtu anavyosimama unakaribiana nazo vizuri.

Kuupata ndiyo kazi, kwa kuwa Nintendo iliacha kutengeneza mashine ya Wii siku nyingi na kinachouzwa sasa ni mtumba. Mimi nilinunua seti nzima kwa muuzaji wa vifaa vilivyotumika jijini Dar es Salaam: mashine, ubao, rimoti, upau mdogo unaowekwa juu ya televisheni, na diski. Muuzaji hakuniambia kuwa seti ile ilitoka Marekani. Adapta yake ilikuwa ya volti 120, nami nikaichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 kwa kutumia kibadilisha plagi. Ulisikika mlio mfupi, ikatoka harufu ya plastiki iliyoungua, na mwanangu aliyekuwa amesubiri wiki nzima akaniuliza kama ni yeye aliyeharibu. Swali lile liliniumiza kuliko fedha niliyopoteza, kwa maana mtoto wa aina hii amezoea kuwa kila kinachovunjika ndani ya nyumba kimevunjwa na yeye. Basi ukinunua, geuza adapta usome maandishi ya chini, na kama unaweza kuchagua, chukua seti iliyotoka Uingereza, kwa sababu umeme wao ni kama wetu na hata plagi inaingia bila kuhangaika. Kumbuka pia kuwa diski za Wii hufungiwa eneo: ya Marekani haifanyi kazi kwenye mashine ya Ulaya. Televisheni nyingi za sasa hazina tena matundu ya waya za rangi tatu zinazotumiwa na mashine hii, hivyo utahitaji kigeuzi cha HDMI. Ubao ukigoma kuungana na mashine, fungua mfuniko wa betri. Ndani yake kuna kitufe chekundu cha kuunganishia.

Kasoro ya kwanza ya programu inakutana na mtoto kabla hajacheza chochote. Wii Fit huanza kwa kumpima: inauliza urefu na tarehe ya kuzaliwa, inachukua uzito, kisha inatangaza kama ni mwembamba, wa kadiri au mnene. Mwaka 2008 nchini Uingereza wazazi walilalamika baada ya binti wa miaka 10 kuambiwa ni mnene, na Nintendo ikaomba radhi. Ninawashauri wazazi wafanye hatua hii wenyewe mtoto akiwa nje. Kasoro ya pili ni ya aina hiyohiyo, nayo ni kwamba mchezaji aliyepata alama za chini hupewa nyota moja na neno la Kiingereza lenye maana ya mtu asiye na mizani. Nilimshukuru Mungu kuwa mwanangu hakulielewa, nikawa namtafsiria kwa maneno yangu: "Umemaliza mzunguko wa kwanza." Programu haina Kiswahili, na kwa suala hili haikuwa hasara.

Michezo ya mizani iko kadhaa, na mingine hufunguka baada ya kucheza kwa muda fulani. Upo wa kupiga mipira kwa kichwa huku ukikwepa viatu vinavyorushwa, ambao kwa mtoto wa DCD ni wa haraka kupita kiasi, na mwanangu aliuacha akilia siku ya pili. Upo wa kuinamisha meza ili vijipira vidumbukie kwenye mashimo, nao ni mzuri sana kwa sababu unaadhibu papara na kumlipa anayehamisha uzito polepole. Tuliodumu nao zaidi ni ule wa kuteleza juu ya theluji na kupita kati ya bendera. Mtoto anaegemea mbele ili kwenda kasi, na kushoto au kulia ili kupita kwenye lango. Kwa kila lango analolikosa, muda wake huongezwa kama adhabu. Mwanangu hajawahi kuiona theluji isipokuwa ile ya Kilimanjaro, tena kwa mbali, lakini mbio zile zilimwingia moyoni. Wiki ya kwanza alikuwa akipinda kiuno huku miguu imekakamaa kama nguzo. Karibu na wiki ya nne nilipiga magoti kando ya ubao kutazama vifundo vyake, nikaona kwa mara ya kwanza vinakunjuka na kukunjika vyenyewe, vidogo vidogo, kabla nukta haijatoka nje ya mahali pake. Nilibaki pale chini mpaka mbio zikaisha.

Sikuuchagua mchezo huo kwa bahati. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Bouwien Smits-Engelsman wa Chuo Kikuu cha Cape Town walichapisha utafiti uliofuatilia mbio 100 za mchezo huohuo kwa watoto 17 wenye DCD na wengine 17 wasio na hali hiyo, wote wa miaka 6 hadi 10, waliocheza dakika 20 mara mbili kwa wiki kwa wiki 5. Watoto wenye DCD walianza chini sana ya wenzao. Lakini kasi ya kujifunza ilikuwa sawa kwa makundi yote mawili, walichojifunza hakikupotea kati ya siku moja ya mazoezi na nyingine, na vipimo vingine vya mizani vilivyofanywa nje ya mchezo navyo vilipanda. Naomba kila mzazi na kila mwalimu aisome sentensi hiyo mara mbili. Tulikuwa tukidhani mtoto huyu hafundishiki, kumbe anajifunza kwa mwendo wa wenzake, ila ameanzia nyuma, na ili awafikie anahitaji majaribio mengi kuliko wao. Tatizo ni kwamba uwanjani hapewi majaribio mengi. Akikosea mara 2 anatolewa, akikosea mara 3 anachekwa, na mara ya 4 haendi tena. Ubao ulimpa mwanangu mbio zaidi ya 100 sebuleni, mlango umefungwa, bila mtu wa kumcheka, na kwa maoni yangu ubora wake mkubwa uko hapo.

Ni haki kusema pia upande wa pili. Mwaka 2013 kundi hilohilo la Cape Town lilichapisha matokeo ya kulinganisha Wii Fit na mafunzo ya moja kwa moja ya stadi za mwili katika shule za maeneo ya watu wa kipato cha chini, na mafunzo yale yakaonyesha mafanikio mapana zaidi. Mapendekezo ya kimataifa kuhusu DCD yaliyochapishwa mwaka 2019 yanasisitiza kumfundisha mtoto shughuli yenyewe anayotaka kuimudu, na michezo ya aina hii huichukulia kama nyongeza. Nimeyaona hayo nyumbani. Ubao huu hausogei. Umelala sakafuni kama kigae, na kuruka juu yake hakuruhusiwi, kwa hiyo haumfundishi mtoto kutua baada ya kuruka wala kujizuia anaposukumwa ghafla. Baada ya miezi 2 mwanangu alikuwa anapita karibu malango yote ya theluji, na bado alianguka kwenye ngazi za shule.

Mbele ya lango letu kuna mtaro wa maji ya mvua, na juu yake pamewekwa ubao mmoja wa kuvukia, mpana kiasi cha futi moja. Watoto wote wa mtaa huuvuka mbio. Wangu aliuvuka kwa kukaa na kujisogeza kwa makalio, sare ya shule ikachafuka kabla ya saa moja asubuhi, au alinisubiri nimshike mkono huku akitazama kama kuna anayemwona. Mtaalamu alipomuuliza anataka kujifunza nini, nilitarajia aseme baiskeli, lakini alisema anataka kuvuka mtaro. Akatufundisha njia iliyobuniwa Kanada inayoitwa CO-OP, ambayo kwa Kiswahili tuliiweka hivi: Lengo, Mpango, Tenda, Kagua. Mzazi hatakiwi kumwambia mtoto afanye nini, bali amuulize mpaka mpango utoke kinywani mwake. Tulichora kwa chaki sebuleni mstari wenye upana wa ubao ule, ukianzia kwenye ubao wa Wii, na kila alipomaliza mbio 5 za theluji alishuka na kutembea juu ya mstari. Nilimuuliza, "Ukiwa kwenye theluji unatazama wapi?" Akafikiri sana. "Bendera." Nikamuuliza, "Na kwenye mtaro?" Akasema, "Miguu." Kisha akanyamaza, akaenda mwisho wa mstari, akaweka kiatu chake chekundu pale na kusema kuwa hiyo ndiyo bendera.

Kutoka sebuleni tulihamia uani juu ya kipande cha mbao kilicholala chini, halafu kipande hichohicho juu ya matofali mawili, halafu mtaroni siku ya Jumapili mapema, barabara ikiwa tupu. Ilichukua wiki 7. Alivuka akitazama jiwe jeupe la upande wa pili, mikono ikiwa imetanuka lakini haijakakamaa. Hakurukaruka wala hakushangilia. Aligeuka, akavuka tena kurudi, kisha akanitaka niingie ndani ili avuke bila mimi.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya kifaa chenyewe ni hii. Ubao ni mzuri, imara, na kwa bei ya mtumba unastahili kununuliwa ikiwa tayari mtoto ameonwa na mtaalamu, na ikiwa yupo mtu mzima wa kukaa naye dakika 20 kila kipindi. Ukimwachia mtoto peke yake atajifunza kukanyaga kwa hila zinazoidanganya nukta, kama wangu alivyogundua kuwa akipunga mikono kwa nguvu nukta husogea bila vifundo kufanya kazi. Acheze peku, maana soksi huteleza, na kona za meza ziwe mbali. Vipindi viwili au vitatu kwa wiki vinatosha. Siku aliyochoka au aliyogombezwa shuleni, uache ubao uvunguni. Mtoto aliye chini ya miaka 6 sidhani utamfaa, kwa sababu michezo mingi inahitaji kufuata mambo mawili kwa wakati mmoja. Na ikiwa mtoto aliwahi kuweza kusimama vizuri na sasa anazidi kuanguka, hiyo si DCD, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Asiye na uwezo wa kununua asidhani amekosa dawa. Hong Kong mwaka 2012 watoto wenye DCD waliofundishwa taekwondo kwa miezi 3 waliimarika katika kusimama, na vikundi vya karate na taekwondo viko katika miji yetu mingi. Cha muhimu ni kupata mwalimu atakayekubali mtoto arudie hatua moja mara nyingi bila kumlinganisha na wengine. Fundi seremala wa mtaani kwetu alinitengenezea kwa nusu siku kibao cha duara chenye kipande cha mviringo chini yake, kinachoyumba pande zote, na kwa kweli kimejaza pengo ambalo ubao wa Nintendo umeliacha, kwa kuwa hiki kinasogea. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, ningemlipa kwanza mtaalamu kwa vipindi vichache, nikajifunza kwake namna ya kumuuliza mtoto maswali, kisha seremala, na Wii ningeiweka nafasi ya tatu. Sasa mwanangu anataka baiskeli. Ubao wa Wii bado tunautumia Jumamosi, ila zaidi ni mdogo wake anayeuomba, na kaka mtu ndiye anayemfundisha kutazama bendera.